Darasa la wanafunzi mia nne: maswali ya wahadhiri wa Mbeya na Iringa

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, kuanzia Oktoba, napokea simu na ujumbe kutoka kwa wahadhiri, wengi wao vijana waliotoka masomoni juzi tu. Ratiba imetoka, somo ni la mwaka wa kwanza, idadi inatisha, wafanyeje? Nimefundisha utangulizi wa uchumi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimekaa na wenzetu wa Iringa tukapeana uzoefu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mwaka, na nimeyaacha katika mpangilio ambao huwa yananijia.

Nimepangiwa wanafunzi 420. Sijawahi kufundisha zaidi ya 60. Nianzie wapi?

Anzia ukumbini, kabla hujatengeneza hata slaidi moja. Nenda siku isiyo na kipindi. Andika sentensi ubaoni kwa ukubwa wa herufi uliouzoea, kisha panda hadi mstari wa mwisho ukae. Kama huisomi, basi wanafunzi zaidi ya mia hawataisoma muhula mzima, na hakuna atakayekuambia. Jaribu maiki. Tafuta soketi zinazofanya kazi. Nenda saa ileile utakayofundisha, kwa sababu ukumbi wenye madirisha ya mashariki, saa mbili asubuhi jua linapopiga, projekta yake haionyeshi kitu. Muulize mhudumu wa jengo ufunguo wa kabati la maiki anao nani, na uchukue namba yake ya simu.

Ukitoka hapo, mtafute aliyefundisha somo hilo mwaka jana umwombe akuonyeshe karatasi za mtihani zilizosahihishwa. Huhitaji zote, thelathini zinatosha. Soma makosa. Utakuta hayazidi sita au saba, yanajirudia karatasi hadi karatasi. Hayo ndiyo yakuongoze kupanga muhula. Mtaala unakuambia ufundishe nini, lakini makosa ya mwaka jana yanakuonyesha wanafunzi hukwama wapi.

La tatu, punguza. Kipindi cha saa mbili kwa darasa kubwa kinabeba mawazo matatu, si tisa. Yaliyobaki wape wasome, lakini uwaambie ni ukurasa gani hadi upi, na uulize swali moja kutoka humo kipindi kinachofuata. Usipouliza hawatasoma, na sitawalaumu.

Madarasa yamekuwaje makubwa kiasi hiki?

Kwa sababu njema, na napenda tuanze kwa kukubali hilo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, shule za kata zikaenea hadi vijijini. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005. Mwaka huohuo sekondari ya Mkwawa pale Iringa ikageuzwa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 taasisi ya sayansi na teknolojia ya Mbeya ikapanda kuwa chuo kikuu kamili. Kuanzia 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa, na 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita. Watoto wa wakulima wa Makete, Rungwe na Mbozi ambao zamani wangeishia darasa la saba, leo wako mbele yako. Kumbi na walimu havikukua kwa kasi hiyo. Juu ya hayo kuna masomo ya pamoja, kama stadi za mawasiliano na stadi za maendeleo, ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima ayasome, na huko ndiko namba zinakofurika.

Sisi tulihadhiriwa mwanzo mwisho na tukafaulu. Kuna ubaya gani kuendelea hivyo?

Tuliofaulu ndio tuliobaki kuwa wahadhiri. Wale walioketi pembeni yetu wakaondoka na sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, hatukuwauliza mihadhara hiyo iliwasaidia kiasi gani.

Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati: upande mmoja mwalimu anaongea tu, upande mwingine wanafunzi wanafanya kitu ndani ya kipindi. Kwenye madarasa ya kuongea tu, wanafunzi karibu 34 kati ya 100 walifeli. Kwenye yale mengine, karibu 22. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa madarasa ya watu 50 au pungufu, lakini ilionekana hata kwa makubwa. Zile ni kumbi za wenzetu zenye viti vya kutosha na umeme usiokatika, nalijua hilo. Hata hivyo kinachofanya kazi pale hakihitaji umeme. Ni mwanafunzi kulazimika kufikiri mwenyewe kabla hajaambiwa jibu.

Sisemi uache kuhadhiri. Hadhiri dakika kumi na tano, simama, wape kitu cha kufanya kwa dakika tano, kisha endelea.

Nikiuliza "Mmeelewa?" ukumbi mzima unajibu "Ndiyooo!" Halafu mtihani unaonyesha hawakuelewa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lililonibadilisha mimi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mwaka wangu wa kwanza na darasa kubwa nilimaliza mtaala wiki mbili kabla ya muda. Nilikuwa nauliza "Mmeelewa?" kila baada ya mada, nao wananijibu kwa sauti moja. Februari nikakaa na karatasi za mtihani wa mwisho. Swali la pili lilihusu tofauti ya mahitaji na kiasi kinachohitajiwa, jambo la wiki ya tatu, msingi wa kila kilichofuata. Karatasi ya kwanza imekosea. Ya pili vilevile, kwa maneno yaleyale. Nilizipanga mezani nikazitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejua Februari kitu nilichopaswa kukijua Novemba, wakati bado naweza kukirekebisha.

Tukumbuke "ndiyo" ile inatoka wapi. Watoto wetu wameitikia hivyo tangu darasa la kwanza, na kwao kumjibu mwalimu "sijaelewa" mbele ya watu ni kama kumwambia hajui kufundisha. Ni heshima. Anayeulizwa "Mmeelewa?" anaulizwa adabu yake. Basi tusiwaulize kama wameelewa, tuwape swali ambalo jibu lake litatuonyesha.

Ninavyofanya ni hivi. Naandika swali ubaoni lenye majibu manne, la kufikiri, si la kukumbuka. Kwa mfano:

Msimu wa mavuno umefika, viazi mviringo vimejaa sokoni Uyole. Bei ya gunia imeshuka na watu wananunua viazi vingi kuliko mwezi uliopita. Ni kipi kimetokea?
1. Mahitaji ya viazi yameongezeka.
2. Ugavi umeongezeka, mahitaji yako palepale.
3. Mahitaji na ugavi vyote vimeongezeka.
4. Ugavi umepungua.

Nawapa dakika mbili za kimya kabisa. Kisha nasema: "Vidole kifuani." Kila mmoja anaonyesha kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne mbele ya kifua chake, ili wa pembeni asichungulie. Natupa jicho ukumbi mzima. Sihitaji kuhesabu, naona tu. Wakionyesha viwili, ambalo ndilo jibu sahihi, karibu wote, nasonga mbele. Wakionyesha viwili wachache sana, chini ya theluthi hivi, basi sijafundisha, narudi nyuma. Wakigawanyika, hapo ndipo penye utamu. Nawaambia: "Mgeukie jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi." Ukumbi unachangamka kama stendi ya Kabwe jioni. Baada ya dakika tatu, vidole tena. Kwa kawaida wengi wamehamia kwenye jibu sahihi, na mimi sijatamka neno. Ndipo naeleza: kwenye mchoro, watu wanasogea juu ya mstari uleule wa mahitaji kwa sababu bei imeshuka, mstari wenyewe haujahama.

Njia hii si yangu. Eric Mazur aliianza Harvard mwaka 1991 kwenye darasa la fizikia, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu vizuri lakini maswali mepesi ya dhana yakawashinda. Kinachoisaidia ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa dakika tatu zilizopita bado anakumbuka alikwama wapi. Mimi nilielewa zamani sana, nimeshasahau ugumu wake.

Na ukiuliza swali la mdomo, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za Marekani miaka ya 1970, aliona walimu wakingoja kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu wenyewe au kumpa mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wasiozoea kusema wakasema. Kwenye ukumbi wetu, ambapo mtoto anatafsiri swali kichwani kwenda Kiswahili na jibu kurudi Kiingereza, mimi nahesabu hadi kumi. Ni kimya kirefu. Kivumilie.

Kuhusu lugha: nichanganye Kiswahili?

Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na hiyo ndiyo lugha rasmi ya kufundishia vyuoni. Ukihadhiri kwa Kiswahili mwanzo mwisho utawafurahisha Novemba na kuwaumiza Februari. Lakini wanapojadiliana wawili wawili, waache wazungumze lugha inayowafikisha kwenye wazo, iwe Kiswahili, Kinyakyusa au Kihehe kama wametoka kijiji kimoja. Sharti langu ni moja tu: jibu linaloletwa mbele ya darasa liwe kwa Kiingereza, sentensi mbili, hata kama zina makosa. Sirekebishi sarufi hapo. Nikirekebisha mmoja, mia tatu hawanyooshi mkono tena.

Nina TA (wasaidizi wa kufundisha) watatu tu. Semina nizipangeje?

Fanya hesabu kwanza. Wanafunzi 420 kwa makundi ya 30 ni semina 14, yaani kila TA ana nne au tano kwa wiki. Inawezekana, lakini usiwaache peke yao. Kosa ninaloliona mara nyingi ni TA kuhadhiri upya kile ulichohadhiri, tena kwa namna yake, mwishowe makundi 14 yana masomo 14.

Kutana nao kila wiki dakika arobaini na tano, siku moja kabla ya semina. Mpitie karatasi moja ya maswali matatu. Kila TA ajibu swali moja mbele ya wenzake kama mwanafunzi, nawe umwonyeshe wapi wanafunzi watateleza. Kisha umuulize wiki iliyopita aliona nini. TA ndiye anayewaona wanafunzi kwa karibu, na kijana huyo mara nyingi anajua kwamba darasa limepotea wiki mbili kabla yako. Lakini hasemi mpaka aulizwe, maana naye ana heshima zake kwa Dokta.

Kama chuo hakijakupa TA hata mmoja, unaweza kuwatumia wanafunzi wenyewe kuongoza vikundi vya kujisomea kwa karatasi yako ya maswali. Usiwape kusahihisha kazi zenye alama. Si haki kwao wala kwa wenzao.

Kazi ya kikundi: mmoja anafanya, kumi na nne wanaandika majina. Kuna dawa?

Ipo, ila inaanzia kwetu. Tunapanga vikundi vya watu kumi na tano ili tusahihishe karatasi 28 badala ya 420, halafu tunashangaa watu kumi na tatu wakikaa pembeni. Kazi yenyewe ni ya watu wawili.

Panga watu watano. Wapange mwenyewe, usiwaache wachaguane, la sivyo waliosoma shule moja watakaa pamoja na yule binti aliyefika peke yake kutoka Ludewa atabaki bila kikundi. Zingatia wanakoishi: anayelala hosteli ya chuo na anayepanga chumba Mwanjelwa au Kihesa hawawezi kukutana saa nne usiku, na binti hatakiwi kulazimika kutembea saa hizo kwa ajili ya alama tano. Sehemu kubwa ya kazi ifanyike ndani ya muda wa semina.

Kisha tumia kura. Siku ya kuwasilisha, andika namba moja hadi tano kwenye vikaratasi, kikundi kichague kimoja. Mwenye namba hiyo ndiye anayeeleza, na alama yake ni ya wote. Waambie hivyo tangu siku ya kwanza. Utaona wale wanaojua wanavyowakalisha wenzao chini kuwafundisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Hakuna nilichojaribu kilichofundisha watu wengi zaidi ya kile kikaratasi.

Kuhusu kazi zinazouzwa tayari kwenye stesheneri za getini: badilisha mahali na takwimu kila mwaka. "Eleza nadharia ya ugavi" itanunuliwa. "Nenda soko la karibu na unapoishi, andika bei ya debe la mahindi kwa wauzaji watatu, ueleze kwa nini zinatofautiana" haiuzwi popote. Kwa kiasi kikubwa ndivyo ninavyowajibu pia wanaoniuliza kuhusu ChatGPT. Mashine itaandika nadharia kwa ufasaha, lakini haijafika sokoni Soweto Jumamosi hii, na haiwezi kusimama mbele ya semina kujibu swali la kura.

Kusahihisha kunanimaliza.

Karatasi 420, kila moja dakika 12, ni saa 84. Hiyo ni zaidi ya siku kumi za kazi bila kufanya kingine chochote. Anayekuambia ujitahidi zaidi hajapiga hesabu hii. Punguza mzigo.

Sahihisha swali kwa swali, si karatasi kwa karatasi: maliza swali la kwanza kwa wote ndipo uende la pili. Unakwenda kasi, na unatenda haki zaidi, maana kipimo chako hakibadiliki kati ya karatasi ya asubuhi na ya usiku. Kabla hamjaanza, wewe na TA msahihishe karatasi kumi zilezile kila mtu kivyake, kisha mlinganishe. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulitofautiana kwa alama sita kati ya ishirini, kwa karatasi moja. Tangu siku hiyo sijaacha.

Usiandike maoni marefu kwenye kila karatasi, kwa sababu mwanafunzi anatazama alama na kukunja. Andika ukurasa mmoja wa makosa matano yaliyojitokeza zaidi, na mfano wa jibu zuri, uwape darasa zima wiki hiyohiyo. Maoni mafupi yanayofika wiki ya pili yana thamani. Maoni mazuri yanayofika baada ya mtihani wa mwisho hayamsaidii mtu. Alama za kosiweki, yaani kazi na majaribio ya muhula, zitoke mapema. Nimeona wanafunzi wakiingia kwenye UE, mtihani wa mwisho, bila kujua kama walifaulu jaribio la wiki ya sita, na huo ni uonevu, hata kama haukukusudiwa.

Maswali ya kuchagua yanaruhusiwa, kwa sharti kwamba uyatunge vizuri. Majibu yasiyo sahihi yatokane na yale makosa uliyoyasoma kwenye karatasi za mwaka jana. Kutunga swali moja la namna hiyo huchukua nusu saa, lakini kulisahihisha ni sekunde.

Majaribio madogo ya mara kwa mara yanasaidia au yanawachosha?

Yanasaidia, mradi yasiwe na alama au yawe na alama ndogo sana. Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo wanafunzi walisoma matini, kisha baadhi wakaisoma tena na wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye waliojikumbusha ndio waliokumbuka zaidi, asilimia 56 dhidi ya 42. Mwanafunzi wetu anayekesha na desa, yaani noti zake, akilipitia mara ya nne anajiona analijua. Mfundishe kulifunika na kujiuliza.

Mimi nafungua kila kipindi kwa maswali matatu ya wiki iliyopita. Dakika tano, karatasi ya daftari, wanabadilishana na jirani, tunasahihisha pamoja, wanabaki nazo.

Umeme ukikatika, au mvua ikipiga bati?

Anayefundisha Nyanda za Juu Kusini kuanzia Desemba hadi Aprili apange kipindi chake akiikumbuka mvua. Ikishuka juu ya bati, maiki yako ni bure, na ukishindana nayo utapoteza sauti na darasa. Kila kipindi mimi naingia na zoezi moja lililoandikwa kwenye karatasi, la dakika ishirini. Mvua ikianza, naliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nawaonyesha kwa mkono wawe wawili wawili, nami napita katikati ya safu nikiangalia madaftari. Baadhi ya vipindi vyangu bora vimekuwa vya mvua, kwa sababu vilinilazimisha kunyamaza na kusogea karibu nao.

Umeme je? Usitengeneze kipindi ambacho bila slaidi hakipo. Mchoro mmoja unaoweza kuuchora ubaoni kwa mkono una nguvu kuliko slaidi arobaini.

Moodle, WhatsApp, au vyote?

Chuo chenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni, kiitumie kwa kuweka maandiko na matangazo rasmi. WhatsApp iwe ya CR, mwakilishi wa darasa, kupeleka taarifa, na kundi liwe la wanafunzi, wewe usiwemo, vinginevyo saa sita usiku utaulizwa kesho kuna kipindi. Faili ziwe ndogo. PDF ya slaidi zenye picha nzito inakula bando la mtoto ambaye bumu lake, pesa ya mkopo, bado halijaingia. Wapo pia wenye kitochi, na hawatajitokeza kusema hivyo. Acha nakala moja ya karatasi maktaba na nyingine kwa CR, na jambo lolote lenye alama lisitegemee simu.

Karatasi ya mahudhurio inazunguka kipindi chote, na nusu ya saini ni za marafiki.

Iache. Dakika tatu za mwisho wape robo ya karatasi: jina, namba ya usajili, na jibu la swali moja, "Ni kipi leo bado hakijakaa sawa?" Umepata mahudhurio, na umepata kitu kikubwa zaidi. Usisome zote. Chomoa thelathini, soma ukinywa chai, na uanze kipindi kinachofuata kwa kusema: "Wengi mmeandika kwamba hamjaelewa hiki." Wakishaona unasoma, wanaandika kweli.

Kuna wanaofika wiki ya tatu au ya nne. Niwasubiri?

Darasa haliwezi kusubiri, lakini usiwachukulie kama wazembe. Wengi walikuwa nyumbani wakingoja awamu inayofuata ya majina ya mkopo, au mzazi akisubiri kuuza mazao apate nauli na ada ya kuanzia. Andaa karatasi moja ya kila wiki: mawazo matatu, kurasa za kusoma, maswali matatu. Anayefika amechelewa apewe rundo hilo na jina la kikundi chake siku hiyohiyo. Jaribio la kwanza usiliweke kabla ya wiki ya sita.

Mwanafunzi asiyesikia vizuri au asiyeona ubao, kwenye umati huo nitamjuaje?

Siku ya kwanza waambie wote, bila kumtaja mtu, kwamba mwenye hitaji lolote akuone au amtume CR. Tenga safu ya mbele. Usiongee ukiwa umegeukia ubao: anayesoma midomo anapotea, na wengine wote pia. Ukichora, taja unachochora, kwa ajili ya asiyeona. Slaidi zitangulie siku moja.

Sauti inakauka kila Ijumaa.

Maiki, maji ya uvuguvugu, na uongee nusu ya unavyoongea sasa. Wakiwa wanafanya kazi, wewe unapumzika.

Mimi ni mkuu wa idara. Wahadhiri wangu wanalemewa. Nifanye nini?

Nashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu mengi niliyoyasema juu hayafiki mbali bila wewe. Mwaka mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, darasa langu la watu zaidi ya mia tatu lilipangiwa ukumbi wa mia mbili. Wanafunzi walikuwa wanaamka saa kumi usiku kwenda kuweka madaftari kwenye viti, Julai ile, baridi ya Mbeya ikiuma mpaka mifupani. Waliochelewa walisimama madirishani. Niliandika barua tatu. Hakuna mbinu ya ufundishaji inayomfikia mtoto aliyesimama nje ya dirisha.

Kwa hiyo, kwanza, namba za wanafunzi zimfikie mpanga ratiba kabla ratiba haijatoka, na darasa linalozidi ukumbi ligawanywe mikondo miwili, mzigo wa mwalimu ukihesabiwa kwa mikondo hiyo. Pili, gawa TA kwa idadi ya wanafunzi, si kwa idadi ya masomo. Somo la watu 40 na somo la watu 420 haviwezi kupewa TA mmoja mmoja kwa usawa. Tatu, usimpe mhadhiri mpya kabisa darasa kubwa kuliko yote kwa sababu wakubwa hawalitaki. Ndivyo tunavyofanya kila mahali, na tunaanza kuwachosha watu mwaka wao wa kwanza. Mpange na mzoefu, wagawane vipindi, kijana aone mwenzake anavyofanya.

Na la nne ni gumu zaidi. Kupanda cheo kunategemea sana machapisho. Mwalimu aliyetumia muhula kurekebisha somo la watu mia nne hana cha kuonyesha kwenye fomu. Unapoandika tathmini yake, andika alichofanya: maswali aliyotunga, muda wa kurudisha kazi, semina alizosimamia. Yaandike kwa kirefu. Mpaka sasa wengi wetu tunaandika "anafundisha vizuri" basi.

Naweza kumwomba mtu aje aangalie kipindi changu?

Mwombe, na usimchague bosi wako. Mwombe mwenzako wa idara nyingine, asiyelijua somo lako, kwa sababu atapotea mahali palepale wanafunzi wanapopotea. Akae mstari wa nyuma kabisa akiwa na daftari. Asikupe alama. Kila baada ya dakika tano aandike mambo mawili tu: mwalimu anafanya nini, na wale kumi waliomzunguka wanafanya nini. Baada ya kipindi nendeni mkanywe chai kabla ya siku kupita, akusomee alichoandika mstari kwa mstari, nawe usijitetee mpaka amalize. Wiki inayofuata wewe ukakae nyuma kwenye ukumbi wake.